Mpira wa Katikati

Pasiansi, jioni

Minza mwanangu,

Umekwenda mjini kuwaaga wenzako na nyumba imekuwa kimya, kwa hiyo nimekaa barazani niandike kabla hujarudi na kelele zako. Begi lako liko mlangoni. Nimelinyanyua kupima uzito, nikaongeza matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, chini ya viatu, usiyatoe. Mengine unayajua: pasipoti, dawa, nani wa kumpigia simu ukifika Tunis. Nimefundisha watoto wa watu jiografia kwa miaka mingi, na najua mtoto akishaweza kurudia maelekezo kwa mdomo wake mwenyewe, kuendelea kumwelekeza ni kumchosha tu.

Ninachotaka kukuandikia ni jambo ulilolisema juzi tukiwa mezani, na nadhani hukulisikia. Nilikuuliza utacheza upande gani huko. Ukajibu mdomo umejaa sato, "Kushoto. Ila dada Alya amesema mipira ya katikati ni yake." Nikauliza umemjibuje. Ukasema, "Nimemwambia sawa dada, wewe ndio unajua." Halafu ukaniomba pilipili.

Nilikupa pilipili. Sikuendelea kula, na wewe ukadhani nimekasirika kwa sababu unaondoka. Tangu siku hiyo unatembea humu ndani kwa kunyata kama mtu aliyevunja sahani akaificha. Acha kunyata. Kama kuna kosa, lilianza kabla hujazaliwa.

Unajua kwamba mimi na Zarina, mama yake huyo Alya mwenzako mpya, tulicheza tenisi pamoja ujanani. Picha yetu iko sebuleni, kila mgeni huiulizia. Ulipokuwa mdogo ukiniuliza kwa nini tuliacha, nilikujibu kwamba tulichoka. Zarina hakuchoka. Aliendelea miaka mingine kadhaa, bila mimi.

Bibi yako alikuwa mpishi katika nyumba ya kina Zarina, kule Capri Point juu ya mawe, ambako ukifungua dirisha unaliona ziwa mpaka upande wa Kamanga. Baba yake Zarina alikuwa na duka la vipuri. Zarina alikuwa na mapenzi ya tenisi, hakuwa na msichana wa kucheza naye, na wazazi wake hawakutaka acheze na wavulana. Mimi nilikuwa jikoni namenya vitunguu. Ndipo nikatolewa jikoni, nikapewa raketi yake ya zamani, nikasimamishwa upande wa pili wa wavu. Watu huniuliza kipaji changu kilionekanaje. Kilionekana kwa sababu nilikuwa karibu.

Alinizidi mwaka mmoja tu. Nilimwita dada tangu siku ya kwanza, na yeye akaniita Kabu, maana Kabula lilimshinda kwa uvivu. Jioni ile ya kwanza bibi yako alinishika sikio mlangoni akaniambia, "Mayu, mwanangu, kacheze. Lakini usimpandishie dada sauti. Siku ukimpandishia sauti, tunarudi Magu sisi wote na masufuria yetu."

Usimlaumu bibi yako. Alikuwa na watoto watano wa kulisha na chumba tulichokaa kilikuwa nyuma ya nyumba ile ile. Alichoniambia kilikuwa kweli. Basi nikajifunza tenisi bila sauti.

Sasa nikueleze jambo ambalo unalijua kwa miguu lakini hujawahi kulisikia kwa maneno. Nivumilie, ualimu hautoki mwilini. Katika mchezo wa wawili uwanja umegawanyika kulia na kushoto. Mpira ukija pembeni, hauna mjadala. Ukija katikati, una wenyewe wawili, na wapinzani wanaojua kazi watakupeleka huko siku nzima, kwa sababu wanajua kwamba palipo na wenyewe wawili pana kusitasita. Kwa hiyo zamani za kale wachezaji walikubaliana: kama wote wanatumia mkono wa kulia, mpira wa katikati ni wa aliye kushoto, kwa kuwa mkono wake wenye nguvu uko upande wa ndani. Na juu ya hilo kuna kuita. Unasema "Yangu!" kwa sauti, mapema, kabla hujajua kama utaufikia. Sauti hiyo si ya kumfokea mwenzako. Inamwambia azibe wapi, asimame wapi, ajiandae na nini. Jozi isiyoitana ni watu wawili wanaocheza kila mtu wake, wakiombeana heri.

Mimi nilicheza kushoto. Mpira wa katikati ulikuwa wangu kwa kanuni ya mchezo wenyewe. Lakini uwanjani kwetu kulikuwa na kanuni nyingine, ya jikoni. Nilikuwa nasubiri kwanza kuona kama dada atautaka. Akisogea, nampisha. Asiposogea, naupiga. Nilikuwa na miguu myepesi kiasi kwamba kusubiri kwangu hakukuonekana. Watu walituona tunaelewana bila kusemezana, wakatusifu. Kocha mmoja wa Nairobi alisema hajawahi kuona jozi yenye utulivu kama yetu. Mimi nilijua utulivu ule umetoka wapi.

Tulizunguka sana. Nairobi, Kampala, Lusaka, Harare, na baadaye huko Misri ambako mashindano madogo hufuatana wiki kwa wiki. Nauli yangu ililipwa na baba yake. Raketi na viatu vilitoka kwake. Nikiwa na homa Harare, Zarina aliniuguza usiku na mchana, akanipikia uji mbaya sana. Usije ukadhani nilikuwa nacheza na shetani. Ingekuwa shetani ningepona mapema.

Na uijue kazi unayoiendea, kwa sababu Alya, mwajiri wako mpya, amekupa habari za ndege na hoteli tu. Mchezaji wa wawili huchezea uwanja wa mwisho, ule wa nyuma karibu na jiko, baada ya wale wa mmoja mmoja kumaliza na watazamaji kwenda kula. Huwezi kuingia mashindano peke yako hata uwe hodari vipi. Wanajumlisha nafasi yako na ya mwenzako katika orodha ya ubora, na mkiwa mbali sana chini hamwingii. Kwa hiyo thamani yako iko nusu mikononi mwako na nusu mikononi mwa mtu mwingine. Hakuna mkataba. Kila mwisho wa wiki, kwenye korido, kwenye foleni ya chai, utasikia swali moja likiulizwa kwa sauti tamu, "Wiki ijayo unacheza na nani?" Nimeishi miaka mingi, nimeuguza, nimezika. Sijasikia swali lenye ukatili kama hilo. Anayekuuliza hivyo ama anakutaka, ama amekwisha kumchukua mwenzako na anapima kama umejua.

Mwaka tulioshinda kombe lile dogo la Kampala, gazeti liliandika habari yetu. Bibi yako alilinunua, akampelekea kijana wa duka amsomee. Kichwa cha habari kilisema Zarina na mwenzake watwaa kombe. Bibi akauliza, "Na mwenzake ni nani?" Yule kijana akadhani anatania.

Sasa nije Cairo.

Tulikuwa tumefika fainali ya mashindano ambayo, kama tungeyashinda, pointi zake zingetutoa kwenye uwanja wa jikoni. Tungeanza kuingia mashindano makubwa kwa haki yetu, bila kubembeleza mtu. Zarina alikuwa amehesabu na mimi nilikuwa nimehesabu, hatukuambiana. Wapinzani wetu walikuwa dada wawili Warusi, warefu, wanaogombana kila pointi. Walikuwa wanapigiana kelele mpaka mwamuzi akawaonya. Nilikuwa nawaonea huruma. Nilikuwa nasema moyoni, hawa hawana adabu, hawawezi kutushinda.

Tulibakiza pointi moja. Mmoja wao akaanzisha, mimi nikarudisha vizuri, chini, tukasogea wavuni mimi na Zarina bega kwa bega. Mpira ukarudi katikati yetu, kwa urefu wa kifua, bila haraka. Ulikuwa mpira wa kumpa mtoto wa shule ya msingi. Ulikuwa wangu. Nikageuza macho kumtazama dada.

Naye alikuwa ananitazama mimi.

Ukapita. Niliyaona manyoya yake. Ukadunda ndani ya mstari nyuma yetu, ukaenda zake mpaka kwenye uzio, na wale Warusi wakakumbatiana kwa mara ya kwanza siku nzima. Baada ya hapo hatukupata tena nafasi. Ukishauacha mpira kama ule, unaanza kuikimbilia hata ile isiyokuhusu. Tuligongana raketi mara mbili, na tukafungwa.

Zarina alivua viatu. Kisha akasema, "Kabu, ule mpira ulikuwa wako."

"Nilidhani utauchukua, dada."

"Kwa nini hukuita?"

Ningemwambia nini? Habari za sikio langu na mlango wa jikoni? Nikasema samahani. Akatikisa kichwa, na hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anashangaa kweli. Akasema, "Miaka yote hii. Mimi sijawahi kukufunga mdomo."

Minza, sentensi hiyo nimeijibu mara nyingi. Nimeijibu darasani nikiwa nageukia ubao, jikoni nikiwa nasonga ugali, kwenye kivuko nikienda kuzika. Kuna siku nimemshinda kabisa kwa hoja, nikamwacha hana la kusema. Kuna siku nyingine nimemkubalia. Ni kweli hakunifunga mdomo. Lakini aliishi ndani ya nyumba ambamo mdomo wangu ulikuwa umefungwa, akala chakula kilichopikwa na mtu aliyeufunga, na hakuwahi hata siku moja kuuliza mbona Kabu hapigi kelele kama watu wengine. Utulivu wangu ulimfaa. Ulipoacha kumfaa, akaanza kuushangaa.

Wiki iliyofuata tulikuwa mji mwingine wa huko huko Misri. Wakati wa chai ya asubuhi alikuja na sahani yake, akaketi mbele yangu, akamenya yai taratibu.

"Kabu, wiki hii nacheza na yule Mromania."

"Na mimi?"

"Utapata mtu. Usichukulie vibaya. Hii ni kazi."

"Sawa, dada."

Ndiyo, mwanangu. Hata hapo nilisema sawa, dada. Nikainuka nikamchukulia na chumvi.

Nilikwenda kukaa karibu na meza ya kujiandikisha kama watu wanavyokaa barabarani kusubiri lifti. Kila msichana aliyepita peke yake nilimuuliza kama ana mtu. Mmoja aliniuliza nafasi yangu, nikamtajia, akasema ngoja afikirie, na akaenda kufikiria moja kwa moja hadi chumbani kwake. Waliofunga meza walinisaidia kubeba kiti nilichokikalia. Nikapanda ndege mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi basi, kupitia Sirari, na raketi mapajani. Bibi yako alinipokea stendi. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Dada Zarina hajambo?"

Huo ndio mwisho wa kazi yangu ya tenisi. Hakuna jeraha, hakuna uzee. Mtu alichagua mwingine wakati wa chai.

Baada ya hapo nikaenda chuo cha ualimu, nikaolewa na marehemu baba yako, nikakupata wewe nikiwa nimeshakata tamaa ya kupata mtoto. Zarina akacheza, akaolewa Uingereza, akanyamaza. Mimi nikaapa jambo moja. Niliapa kwamba sitauacha tena mpira wa katikati kwa ajili ya mtu yeyote.

Na hapa, Minza, nakuomba usome polepole, kwa kuwa hapa ndipo panapokuhusu.

Kiapo hicho nilikitimiza. Wewe ni shahidi. Tangu ulipofikisha kimo cha wavu tumecheza pamoja Jumamosi pale klabuni, mama na binti, dhidi ya wanaume wenye vitambi, na tumewafunga wengi. Nilicheza kushoto na nikaita. Loo, niliita! Mpira ukija katikati, "Yangu!" Ukija upande wako kidogo, "Yangu!" Ukija upande wako kabisa, nakupita mbele nikipiga kelele, wewe unarudi nyuma unanipisha. Wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi na watu wengine wakikimbilia ndani, mimi nilikuwa bado naita nikiwatema. Nilijiona nimepona. Wewe ulikuwa unanitazama na kujifunza, nami nilidhani unajifunza kuita.

Unamkumbuka Injinia, yule jirani yetu anayecheza na kofia ya majani? Siku moja alisimama upande wa pili akaweka raketi begani. "Mama Minza," akasema, "huyo mtoto umemleta acheze au umemleta akutazame?"

"Anajifunza," nikamjibu.

"Anajifunza kupisha! Mlipishe basi kiingilio, ni mtazamaji huyo."

Klabu nzima ilicheka. Wewe ulicheka pia, ukajifunika uso na raketi. Mimi nilicheka kuliko wote, na pointi iliyofuata nikaita "Yangu!" mpaka sauti ikakauka.

Nilijisingizia kanuni. Nilijiambia mimi niko kushoto, mpira ni wangu, mtoto atakuja kuwa na zamu yake. Sikukushika sikio mlangoni kama bibi yako alivyonishika. Sikuhitaji.

Kisha mwezi uliopita Zarina akapiga simu. Ulikuwepo. Sikuwa nimeisikia sauti yake tangu wakati wa lile yai, ila niliijua kabla hajamaliza jina langu. "Kabu! Mzima wewe?" Nikasema, "Abee, dada." Akaanza kunieleza habari za Alya, kwamba aliyekuwa mwenzake ameumia bega, kwamba amesikia nina binti, kwamba amemwona kwenye video ya mashindano ya Nairobi na ana miguu ya mama yake. Nikawa naitikia. Ndipo ukaniuliza kwa kunong'ona, "Mama, mbona umesimama?"

Nilikuwa nimesimama. Mwanamke wa umri wangu, mwalimu mstaafu, katikati ya sebule yake mwenyewe, nimesimama wima na mkono mmoja nyuma kama niko mlangoni pa jiko nasubiri kuambiwa chai iletwe. Wewe ulicheka. Nilikufanyia ishara utoke nje.

Ningeweza kukuzuia. Nataka ulijue hilo; nimelifikiria kila siku tangu simu ile. Lakini mchezaji wa wawili asiye na mwenzake si mchezaji, nilijifunza hilo nikiwa nimekikalia kiti cha watu, na hakuna mwingine aliyempigia simu msichana wa Pasiansi. Kazi hii ni mbovu na unaipenda. Unaiendea kupitia mlango ule ule niliopitia mimi. Uchungu wangu haukunizuia kumwambia Zarina kwenye simu ile "sawa, dada," na sasa hivi sijui kama nilisema vile kwa ajili yako au kwa mazoea.

Leo asubuhi nilitaka kuona kitu. Ndiyo maana nilikuamsha kwa ajili ya mazoezi ya mwisho ukalalamika kwamba nywele zako umeshazisuka. Nilikuweka kushoto kwa mara ya kwanza, mimi nikachukua kulia. Uliniangalia, ukashtuka kidogo, ukafurahi. Injinia na mwenzake walikuwa upande wa pili. Ulicheza vizuri. Miguu yako ni mizuri kuliko yangu ilivyopata kuwa, Zarina amekosea hapo. Nilisubiri.

Ulikuja. Tulikuwa wavuni wote wawili na Injinia akaupeleka katikati, kwa urefu wa kifua, bila haraka. Ulikuwa wako. Nikajiuma ulimi ili nisiite, na nakuambia kweli haikuwa rahisi, mwili wote ulitaka kwenda. Nikakutazama.

Ulikuwa unanitazama mimi.

Ukapita. Injinia akapiga kofi la furaha, akasema, "Leo mtazamaji na mwenye uwanja wote wamelala!" Wewe ukaniambia, "Samahani mama, nilidhani wako," ukakimbia kuufuata mpira kwenye uzio. Ulikimbia kwa furaha tu, ukiwaza safari. Mimi nilibaki nimeshika wavu. Nilikuwa Cairo, mwanangu, lakini safari hii nilikuwa nimesimama upande wa Zarina, na nikaona alichokiona: mtoto wa watu anayekutazama kwa heshima wakati mpira unapita. Na nilitaka kukuuliza swali lile lile alilonitupia yeye. Neno lilifika mdomoni. Kwa nini hukuita? Mimi sijawahi kukufunga mdomo.

Sikulisema. Nashukuru kwa hilo, hata kama ni kidogo.

Kwa hiyo sina ushauri mkubwa. Nimekuharibia jambo moja na siwezi kulitengeneza kati ya sasa na asubuhi. Nitakuambia tu ningefanya nini kama ningekuwa wewe na ninajua ninayoyajua. Ningemwambia Alya siku ya kwanza, kabla hamjafungwa na mtu, wakati bado anakufurahia. Ningemwambia: mimi niko kushoto, katikati ni kwangu, na nitaita. Usimwambie kwa barua wala kwa ujumbe wa simu. Mwambie uwanjani, mmeshika raketi, mahali ambapo neno "dada" halina kazi. Mwite Alya. Nje ya mistari mwite dada upendavyo, mpe heshima yake, ni mkubwa kwako. Ndani ya mistari hana ukubwa, ana upande wa kulia.

Huenda akakubali. Huenda ni msichana mwema ambaye hajawahi kuambiwa, kama mama yake hakuwahi kuambiwa. Huenda akamenya yai mbele yako wiki ya pili. Ikiwa hivyo, utarudi nyumbani, na mimi sitakuuliza hali yake. Nitakuuliza yako. Lakini urudi ukiwa umeita. Mimi nilifukuzwa kazi kwa kunyamaza, na hilo ndilo ambalo sijaweza kulimeza mpaka leo, kwamba nilitii kila kitu na bado nikafukuzwa.

Mara ya kwanza utakayoita sauti itatoka vibaya. Itakuwa ndogo, au itakuwa kubwa mno kama ya kichaa, na pengine mpira wenyewe utaupiga nje. Upige nje. Ukiwa umeuita, kuupiga nje ni kosa la mchezo, na makosa ya mchezo unalala nayo usiku mmoja tu.

Nasikia sauti yako huko barabarani, unabishana na mtu wa bodaboda na unamshinda. Sikia unavyompandishia sauti! Kumbe iko.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa raketi. Kesho kule uwanja wa ndege nitakuwa mtu wa kukukumbusha pasipoti, sitasema lolote kati ya haya, nawe usiniulize mbele za watu.

Zarina amesema atapiga saa nne, ndege ikishaondoka, ajue kama umeondoka salama. Nitakuwa nimesharudi nyumbani. Nimekwisha kuvuta kiti nikakiweka pale pale sebuleni niliposimama siku ile. Siwezi kukuahidi, miguu hii ina mazoea ya zamani kuliko wewe. Lakini simu ikilia nitajaribu kuipokea nikiwa nimekaa, na nitamwita Zarina.

Mama yako,
Kabula